Jukwaa la watu 900, wasimamizi wawili: phpBB, Discourse, Flarum au ipi?

FundiMawimbi

Wakuu, salaam. Tuna kundi la mafundi wa redio na elektroniki, watu kama 900, na mazungumzo yote yako Telegram. Mtu anauliza leo kilichojibiwa mwezi uliopita, mchoro wa saketi umezama chini ya salamu mia, na anayeutafuta hauoni. Tunataka jukwaa letu wenyewe, lenye mada zilizopangwa na utafutaji wa maana.

Hali yetu ni hii:

- Wasimamizi wawili wa kujitolea. Mmoja anaimudu Linux ya kawaida (kuingia seva kwa amri za SSH, kuhariri faili), mwingine anaishia cPanel (jopo la kubofya kwenye kivinjari).
- Hostingi ya pamoja yenye cPanel, PHP 8 na MySQL. Tukibanwa tunaweza kukodi VPS (seva pepe ya peke yetu) ya RAM GB 1, ikizidi sana 2.
- Wengi wataingia kwa simu. Picha ni kama 40 kwa siku.

Nimesoma kurasa za phpBB, MyBB, Discourse, Flarum na NodeBB mpaka sasa zote naziona sawa. Nichague kwa kigezo gani? Na tukishachoka na tuliyochagua, kuhama bila kupoteza akaunti na mada kunawezekana?

Nahodha_Seva

Mkuu, orodha za sifa ziweke kando. Karibu zote hizo zinaweza kupanga mada, kufunga mjadala na kumzuia mkorofi. Zinapoachana ni kwenye matunzo: zinataka nini ili zibaki hai, na nani atazisasisha yule wa Linux akiwa safarini. Kwa hiyo pima kwa uwezo wa yule wa cPanel.

phpBB (ipo tangu 2000), MyBB na SMF ni za PHP ya kawaida. PHP huamka ukurasa unapoombwa, hutoa jibu, kisha hulala. Hakuna mchakato unaokesha ukila RAM, ndiyo maana hostingi ya pamoja inazitosha. Bekapu yake ni vitu viwili tu: hifadhidata na folda za faili. Kwa kazi ya kujitolea ningechukua phpBB kati ya hizo tatu. Muonekano wake wa msingi, prosilver, unajipanga vizuri kwenye simu tangu toleo la 3.1 la mwaka 2014, na viongezi vyake vinakaa kwenye folda ya `ext` bila kugusa faili za kiini. Ukiona maelekezo ya zamani yanayokuambia ufungue `viewtopic.php` uongeze mistari, yaache. Sasisho linalofuata litaifuta kazi yote.

Discourse ilitoka 2013. Ni Ruby on Rails juu ya PostgreSQL na Redis, vyote ndani ya kontena la Docker (kifurushi kinachoendesha programu pamoja na mahitaji yake). Kwenye cPanel ya pamoja haikai, usijisumbue. Inataka domeini halisi (namba ya IP haitoshi), milango ya mtandao 80 na 443 wazi, na SMTP (njia ya kutuma barua pepe) inayofanya kazi kabla hujaanza, kwa sababu hata akaunti ya msimamizi wa kwanza kwa kawaida huthibitishwa kwa barua pepe. Barua isipofika umefungiwa nje ya nyumba yako. Njia ya kujiokoa ni `./launcher enter app`, kisha `rake admin:create`.

Flarum inavutia na ni nyepesi kwa simu. Ni PHP, lakini husakinishwa na kusasishwa kwa Composer (zana ya amri ya kupakua vipande vya PHP), kwa hiyo SSH ni karibu lazima. Kwenye hostingi ya pamoja Composer mara nyingi hufia njiani kwa kukosa kumbukumbu. Seva ya wavuti nayo lazima ielekezwe kwenye folda ya `public`. Ukiielekeza juu yake, faili ambazo hazikukusudiwa watu zinabaki hadharani. Udhaifu wake mkubwa ni viongezi: vitu vingi vya kila siku vinatoka kwa watu wa nje, na sasisho la kiini likikitangulia kiongezi kimoja, ukurasa unakuwa mweupe. Dawa: ingia kwenye hifadhidata, jedwali la `settings`, mstari wa `extensions_enabled`, weka `[]`, kisha washa kiongezi kimoja kimoja mpaka umpate mchawi.

NodeBB ni nzuri kwa mwenye mazoea ya Node.js. Kwenu ni mzigo: mchakato unaokesha, kwa kawaida na MongoDB pembeni, na nginx (seva ya wavuti) ikisahau kupitisha vichwa vya `Upgrade` na `Connection`, watumiaji wanaona ujumbe wa kupotea mtandao kila mara ilhali mtandao wao ni mzima.

Kwa hali uliyoeleza: phpBB 3.3, toleo lake la mwisho kabisa. Matoleo ya mwanzo ya 3.3 hugombana na PHP mpya.

BiTerminal

Nahodha kahesabu kazi ya seva, kasahau kazi ya kusimamia watu, nayo ndiyo inayowachosha wanaojitolea.

Discourse ina ngazi za uaminifu, 0 hadi 4. Mgeni yuko 0, na idadi ya viungo na picha anazoweza kuweka ina kikomo. Akifungua mada 5, akasoma machapisho 30 na kutumia dakika 10 akisoma, anapanda ngazi ya 1 bila mtu kumbonyezea kitu. Wanachama kadhaa wakiripoti chapisho moja, linafichika lenyewe kusubiri msimamizi. Kwa watu 900 na wasimamizi wawili, hiyo ni mikono ya ziada. Kwenye phpBB ruhusa ziko nyingi kweli, ila utakaa nazo jioni nzima kabla hujaelewa tofauti ya "Hapana" na "Kamwe". ("Kamwe" hushinda "Ndiyo" iliyotolewa na kundi lolote lingine. Wengi hujifungia hapo.)

Gharama yake nitaisema bila kuficha. GB 1 ya RAM inakubalika rasmi, lakini pamoja na swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM). Skripti ya `discourse-setup` itakutengenezea swap ya GB 2 kama huna. Shida haiji wakati wa kutumia, inakuja kwenye `./launcher rebuild app` (kujenga upya kontena). Hapo kumbukumbu hupanda, kernel (kiini cha Linux) huua mchakato, na logi inaishia na namba 137. Ukiona 137, acha kuhangaika na mipangilio na uongeze RAM au swap. Wakati wa rebuild jukwaa linazimika dakika kadhaa.

Diski nayo ina mtego wake. Nakala za zamani za kontena za Docker (huitwa "image") hurundikana mpaka ujumbe wa "No space left on device" utokee katikati ya sasisho. `./launcher cleanup` huzifuta. Na PostgreSQL inapopanda toleo kubwa, data hunakiliwa upya, kwa hiyo unahitaji nafasi tupu isiyopungua ukubwa wa hifadhidata yenyewe.

Kwa hiyo: VPS ya GB 2 na mtu wa Linux asiyekosekana, chukua Discourse. GB 1 au cPanel, msikilize Nahodha. Na kama simu za watu wenu ni za zamani, jaribuni kwanza, maana Discourse hupeleka JavaScript nyingi kwenye kivinjari na simu dhaifu hukwama hata mtandao ukiwa mzuri.

Kitasa

Mnabishana kuhusu injini na hakuna aliyegusa barua pepe. Kamba hukatikia pabovu, na kwenye majukwaa pabovu ni hapo. Uthibitisho wa akaunti, nenosiri lililosahaulika, taarifa ya jibu jipya: vyote ni barua. Zikiingia kwenye spamu, mtaambiwa jukwaa limeharibika.

Fanya hesabu kwanza. Mada moja inafuatiliwa na watu 60, inapata majibu 20 kwa siku. Programu inayotuma barua kwa kila jibu inatoa barua 1,200 kwa mada hiyo peke yake. phpBB ina adabu hapa: ikishakutumia taarifa ya mada, haikutumii nyingine mpaka uifungue. Discourse kwa kawaida humtumia barua asiyekuwepo mtandaoni, na pia hutuma muhtasari kwa waliopotea, lakini mwanachama akiwasha hali ya kupokea kila chapisho, bomba limefunguka. Hostingi za pamoja huweka kikomo cha barua kwa saa. Uliza kikomo chenu kabla ya kuchagua chochote.

Kwenye VPS, watoa huduma wengi hufunga mlango wa 25 kwenda nje. Msihangaike kusimika seva ya barua. Tumieni huduma ya kutuma barua za mifumo, kwa mlango 587, au 2525 kama nao umezibwa. Kisha kwenye DNS:

SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeini yenu) iwe rekodi moja tu ya TXT. Watu huongeza ya pili wanapoongeza huduma ya pili, na rekodi mbili za SPF huhesabiwa kuwa kosa, zote zinabatilika. Ziunganishe ndani ya mstari mmoja, na utafutaji wa DNS unaotokana na `include` na mengineyo usizidi 10. DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua): bandika ufunguo uliopewa na huduma. DMARC (maagizo ya nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo): anza na `p=none`, soma ripoti, kaza baadaye. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo hudai angalau SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na vyote vitatu kwa wanaotuma kwa wingi. Weka vyote vitatu hata kama ni wadogo.

FundiMawimbi

Shukrani wakuu, tayari naona tunaelekea phpBB. Kikomo chetu cha barua nimeuliza, nasubiri jibu. Je, picha 40 kwa siku zitatuzidi? Na utafutaji wa phpBB mnauonaje? Hicho ndicho kilichotutoa Telegram.

mchimba_data

Picha: simu ya leo hutoa MB 3 hadi 6. Chukua 4. Mara 40 ni MB 160 kwa siku, karibu GB 58 kwa mwaka. Ukizipunguza ziwe na upana wa pikseli 1600, kila moja inabaki kama KB 350, na mwaka mzima unakuwa kama GB 5. Kwenye phpBB nenda mipangilio ya viambatisho, weka kikomo cha upana na urefu wa picha. Kivinjari huipunguza picha kabla haijapakiwa, kwa hiyo hata bando la mwanachama linapona. Hapo hapo washa chaguo la kuondoa metadata, kwa sababu picha ya simu inaweza kubeba mahali ilipopigiwa na mwenyewe hana habari.

Upakiaji ukikataa, mara nyingi phpBB haina kosa. `upload_max_filesize` ya PHP kwa kawaida ni MB 2 na `post_max_size` ni MB 8. Zipandishe kwenye cPanel, ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza. Mkiwa kwenye VPS yenye nginx, `client_max_body_size` ni MB 1 usipoigusa, na hiyo huleta kosa la 413.

Kuhusu utafutaji, kuna jambo ambalo kurasa za Kiingereza haziligusi. Injini nyingi za utafutaji wa matini hukata mwisho wa neno ili kulipata shina. Lugha yetu hubadilika mwanzo wa neno: kipaza na vipaza, waya na nyaya. PostgreSQL, ambayo Discourse huitegemea, haina kichambuzi cha Kiswahili, inalichukua neno jinsi lilivyo. Ukitafuta "saketi" utapata "saketini" kwa kuwa mwanzo unafanana, lakini "kipaza" haitaleta "vipaza". FULLTEXT (utafutaji wa matini wa MySQL) ni hivyo hivyo: nyota (*, inayosimamia herufi zozote) inakubalika mwishoni mwa neno tu.

phpBB inakupa kuchagua injini. Ile yake ya asili inakubali nyota mwanzoni, kwa hiyo `*paza` italeta kipaza, vipaza na mengine. Gharama ni kwamba faharasa yake inavimba. Jedwali la `phpbb_search_wordmatch` huwa kubwa kuliko machapisho yenyewe jukwaa likikua, na utafutaji wa nyota mwanzoni ni wa polepole. Kwa ukubwa wenu itawatosha miaka mingi. Mkichagua FULLTEXT, kumbukeni aina mbili za majedwali ya MySQL: InnoDB hupuuza maneno ya chini ya herufi 3, na MyISAM ya chini ya 4. Kwa mafundi hilo linauma: "LED" inapita kwenye InnoDB na kupotea kwenye MyISAM, na "IC" inapotea kote kuwili.

Kitasa

Nimalizie la kuhama, maana liliulizwa na likapita.

Mada na machapisho huhama vizuri. Discourse ina skripti ya kuingiza kutoka phpBB 3, na XenForo (programu ya jukwaa ya kulipia) ina waingizaji wake wa phpBB, MyBB, SMF na vBulletin. Safari ya kutoka Discourse kurudi phpBB ndiyo haina barabara. Kwa hiyo kuanza na phpBB kunakuachia milango mingi zaidi, na kwangu hiyo ni sababu nzito kuliko muonekano.

Yanayokwama ni mawili. Kwanza manenosiri. Hayahifadhiwi wazi, yanahifadhiwa kama hashi (alama inayotokana na nenosiri, isiyoweza kurudishwa kuwa nenosiri), na programu mpya isipoielewa hashi ya zamani, wanachama wote wataomba nenosiri jipya siku moja. Rudi sasa kwenye kikomo cha barua kwa saa uone kitakachotokea. Pili, anwani. Mada iliyokuwa `viewtopic.php?t=123` inapata anwani nyingine, na kila kiungo kilichosambaa mtandaoni kinakufa usipoweka uelekezaji wa 301 kutoka ya kale kwenda mpya. Hifadhi jedwali la namba za kale na mpya wakati wa kuhama. Baada ya hapo huwezi kulibuni.

Na herufi. "utf8" ya MySQL ya zamani hubeba baiti 3 kwa herufi, emoji inataka 4. Unapotoa dump (nakala ya hifadhidata) tumia `--default-character-set=utf8mb4` pamoja na `--single-transaction`, ama sivyo utakuta alama za kuuliza mahali pa emoji na hakuna wa kuzirudisha.

jicho_la_tatu

Kwa nini msinunue XenForo mmalize? Unalipia leseni mara moja, sasisho na msaada wa mwaka wa kwanza zimo ndani, baadaye unalipia kuendelea kuzipata. Usipolipa, jukwaa linaendelea kufanya kazi.

Nahodha_Seva

Linaendelea, ila bila viraka vya usalama, na hapo ndipo hatari ilipo kwa kundi lisilo na mfuko wa kudumu. Septemba 2019 tundu la vBulletin 5, nayo ya kulipia (CVE-2019-16759), lilitangazwa hadharani kabla ya kiraka kutoka, na mshambuliaji hakuhitaji hata akaunti. Siku kama hiyo unataka uwe na haki ya kupakua sasisho saa ile ile. Programu ya kulipia si mbaya. Mbaya ni leseni iliyokwisha na hakuna anayekumbuka nenosiri la akaunti yake.

FundiMawimbi, mkiamua phpBB, mpangilio ni huu:

1. Tengeneza hifadhidata na mtumiaji wake kwenye cPanel. Mpe ruhusa zote juu ya hifadhidata hiyo moja tu.
2. Pakia faili, washa HTTPS, kisha fungua `/install/app.php`. Kwa aina ya hifadhidata chagua ile ya MySQLi.
3. Ukimaliza, futa folda ya `install`. Ikiwepo, ni jopo la msimamizi tu linalofunguka, na wengi hudhani usakinishaji umeshindikana.
4. Jaza SMTP, jitumie barua ya majaribio, kisha uthibitishaji wa akaunti uwe kwa barua pepe.
5. Badilisha kizuizi cha roboti kutoka picha ya herufi kwenda maswali na majibu. Andikeni maswali ya fani yenu, kama rangi ya ukanda wa kizuizi cha umeme (resista) inayosimamia namba 2 (nyekundu). Roboti linalozunguka maelfu ya majukwaa halina jibu la swali lenu. La swali la "2 + 2" linalo.
6. Kundi la wanachama wapya: machapisho 3 ya kwanza yasubiri idhini. Watuma spamu wengi hawafiki la pili.
7. Kwenye cPanel weka cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya kila dakika 5: `php bin/phpbbcli.php cron:run`, na kwenye mipangilio ya seva iambie phpBB itumie cron ya mfumo. Bila hiyo, foleni ya barua husubiri mtu afungue ukurasa.
8. Bekapu kila usiku: dump ya hifadhidata, `config.php`, `files`, `images`, `ext` na `styles`. Ipeleke nje ya seva hiyo. Kila baada ya miezi michache irejeshe kwenye folda ya majaribio mpaka uone mada zikifunguka na picha zikionekana. Dump isiyo na folda ya `files` inarudisha maneno bila michoro, na kwenu michoro ndiyo mali.

Sasisho: hifadhi `config.php` na folda hizo hizo pamoja na `store`, futa faili nyingine, pakia kifurushi kipya kizima, endesha usasishaji wa hifadhidata, futa `install` tena. Msimamizi wa cPanel anaweza kuifanya peke yake akiiona mara moja.

FundiMawimbi

Safi sana. La mwisho: tuingize historia yote ya Telegram?

BiTerminal

Hapana. Telegram ya kompyuta inaweza kutoa JSON ya mazungumzo yote, lakini ni mkondo mmoja usio na mada, na jukwaa litarithi fujo ile ile mnayoikimbia. Tumieni JSON hiyo kutafutia. Chagueni maswali 30 au 40 yanayorudiwa zaidi, kila moja liwe mada yake, kichwa cha habari kitaje kifaa na dalili ("Redio haishiki FM, AM inafanya kazi"), michoro ipakiwe upya kwenye jukwaa badala ya kuachwa kama kiungo. Majina ya waliojibu wekeni kwa ridhaa yao.

Anzeni na vitengo vinne au vitano, si ishirini. Vitengo vitupu humfanya mgeni adhani hakuna watu, na kugawa kitengo kilichojaa baadaye ni kazi ya dakika chache. Kundi la Telegram msilifunge. Kila swali la kiufundi likiulizwa kule, msimamizi ajibu kwa kiungo cha mada ya jukwaani.